Takwimu za ubora wa maji Nyanda za Juu Kusini: chanzo kipi kwa kazi ipi

Takwimu za ubora wa maji ambazo mwananchi anaweza kuzipata zipo, na kwa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa si haba. Kinachowaangusha wengi ni kuzichukulia kana kwamba zote zinasema jambo moja. Namba hii imetoka mtoni, ile imetoka bombani, nyingine kwenye pampu ya mkono kijijini, na nyingine imesomwa na setilaiti iliyo kilomita 786 juu ya ardhi. Ukiiuliza namba ya mtoni swali la bombani itakujibu, ila utakuwa umepotea.

Kwanza jua uko bonde gani

Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na matatu yanakutana huku kwetu. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Mpaka wa mkoa haukusaidii kitu hapa. Mbarali ni mkoa wa Mbeya, lakini maji yake yanashuka Usangu kwenda Ruaha Mkuu, yaani Rufiji. Rungwe na Kyela nako ni Mbeya, ila Kiwira na Mbaka zinamwaga Ziwa Nyasa. Mto Lupa wa Chunya unaelekea Rukwa. Barua ya kuulizia Kiwira ikipelekwa Iringa itazunguka tu.

Majina nayo yana mitego. Kuna mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja ni mpaka wetu na Malawi na unaingia Ziwa Nyasa, mwingine unakwenda Rukwa. Ruaha ziko Mkuu na Mdogo, na huyu Mdogo ndiye anayepita Iringa mjini. Katika hifadhidata za kimataifa Ziwa Nyasa mara nyingi limeandikwa Lake Malawi, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili. Ziwa la kreta la Rungwe utalikuta kama Ngosi na pia Ngozi. Usiamini jina peke yake. Hakikisha kwa majiranukta (latitudo na longitudo).

Vyanzo vitano kwa mtazamo mmoja

| Chanzo | Maji yaliyopimwa | Njia ya kupata | Kisichowezekana |
|---|---|---|---|
| Bodi za mabonde | Mito, maziwa, visima vya ufuatiliaji | Maombi ya maandishi | Kujua maji ya bomba lako |
| Ripoti za EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) | Maji ya mamlaka za maji | Kupakua mtandaoni | Kujua mtaa mmoja mmoja, au kijiji |
| Orodha za vituo vya maji | Pampu, magati, chemchemi | Kupakua mtandaoni | Vipimo vya maabara |
| GEMStat (hifadhidata ya Umoja wa Mataifa) | Mito, maziwa na maji ya ardhini duniani | Kuomba kupitia tovuti | Kufuatilia mto mdogo |
| Setilaiti na ramani za utabiri | Uso wa ziwa. Uwezekano wa floraidi ardhini | Kupakua mtandaoni | Vijidudu. Kisima kimoja |

Bodi za mabonde: namba nzito, mlango mzito

Kwa swali lolote la mto, anzia hapa. Bodi ndizo zenye vituo vya kudumu, na ndizo zinazotoa vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka, kwa hiyo zina sababu ya kupima juu na chini ya mashamba, migodi na viwanda. Kwa kawaida namba zenyewe huzikuti zimewekwa mtandaoni zikikusubiri; unaandika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30.

Barua inayofanikiwa ni ile iliyobana. Ukiandika "naomba data zote za maji za Mbarali" utapewa muhtasari wa kurasa tatu, au utapewa mtiririko wa mto badala ya ubora. Andika namna hii:

"Naomba takwimu za ubora wa maji za Mto Mbarali, vituo vyote mlivyo navyo, kuanzia Julai 2018 hadi Juni 2023: tarehe na saa ya kila sampuli, pH, upitishaji umeme, tope, oksijeni iliyoyeyuka, naitreti na fosfeti. Naomba pia vizio vya kila kigezo, kiwango cha chini ambacho kifaa kinaweza kusoma, na majiranukta ya vituo. Naomba ziwe katika faili la Excel au CSV, si picha ya karatasi."

Saa ya sampuli si urembo. Oksijeni ya mto wenye mimea huwa chini kabisa alfajiri na juu mchana, kwa hiyo vituo viwili vilivyopimwa saa 1 asubuhi na saa 9 alasiri havilinganishiki. Kumbuka pia mwinuko wetu. Kwenye usawa wa bahari maji ya nyuzi 20 hushiba oksijeni yakifika karibu miligramu 9.1 kwa lita; kwenye mwinuko wa Mbeya mjini, takriban mita 1,700, hushiba kwenye 7.4 hivi. Mtu anayesoma 7.0 na kusema mto umechafuka anautazama Mbeya kwa miwani ya Dar es Salaam.

Omba na mtiririko. Vituo vya kupima mtiririko vina namba zake, kama 1KA59 cha Ruaha Mkuu pale Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ambako mto umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Bila mtiririko, kiasi kwa lita kinadanganya. Tuseme naitreti ni miligramu 2 kwa lita masika na kiangazi, mto ukipitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde masika na 0.5 kiangazi. Zidisha kiasi kwa mtiririko kwa 86.4 upate kilo kwa siku: masika ni kilo 3,456, kiangazi ni 86.4. Karatasi ya maabara inaonyesha namba ileile mara zote mbili, kumbe mbolea inayoteremka inatofautiana mara 40.

Chunya inahitaji tahadhari ya peke yake. Wachenjuaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na watu huomba vipimo vya zebaki ndani ya maji, wanakuta "haikuonekana", wanashusha pumzi. Zebaki hukaa zaidi kwenye tope la chini ya mto na ndani ya samaki kuliko ndani ya maji yenyewe. Omba takwimu za mashapo na za samaki. Kama hazipo, usiandike kwamba mto ni salama. Angalia na vizio: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa zebaki isiyo ya kikaboni ni miligramu 0.006 kwa lita, yaani mikrogramu 6. Ukichanganya mili na mikro umekosea mara elfu moja.

Ripoti za EWURA

Kila mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, EWURA hutoa ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na Mbeya, Iringa, Njombe na miji mingine imo kila mmoja kwa mstari wake. Kwa ubora utakuta asilimia ya sampuli zilizokidhi kiwango: E. coli (kijidudu kinachoashiria kinyesi), tope, klorini iliyobaki. Uzuri wake ni kwamba unalinganisha mamlaka na mamlaka, mwaka na mwaka, bila kumwomba mtu yeyote.

Ubaya ni neno asilimia. Sampuli 38 safi kati ya 40 ni asilimia 95, na 1,140 kati ya 1,200 ni asilimia 95 vilevile. Tafuta kwanza idadi ya sampuli zilizopimwa na zile zilizotakiwa kupimwa. Kuna kanuni ya haraka: ikiwa sampuli zote ni safi, gawa 3 kwa idadi yake upate kiwango cha juu cha uchafu ambacho bado kinawezekana. Sampuli 12 safi zinaacha uwezekano wa hadi robo kuwa mbovu. Ili ufike asilimia 1 unahitaji sampuli 300. Kamati ya maji yenye sampuli mbili bado iko mbali sana na hapo.

Soma safu ya klorini sambamba na saa za huduma. Klorini inayotakiwa kufika kwa mteja ni angalau miligramu 0.2 kwa lita. Maji yakikatika, msukumo ndani ya bomba unashuka na maji machafu ya ardhini yanaingia penye nyufa. Mamlaka yenye E. coli sifuri kwenye tangi na huduma ya saa 10 kwa siku inaweza kabisa kumpelekea mteja wa mwisho wa mtandao maji yenye vijidudu, na ile asilimia nzuri isionyeshe kitu ikiwa sampuli nyingi zimechukuliwa karibu na tangi. Na kama unaishi kijijini, maji yako yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019, kwa hiyo usimsomee mteja wa kijiji namba za mjini.

Orodha za vituo vya maji: kubwa, rahisi, na zinazoeleweka vibaya

Ukitafuta data za maji za Tanzania mtandaoni utaangukia orodha ya vituo iliyokusanywa na Wizara ya Maji pamoja na jukwaa liitwalo Taarifa, ambayo DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, waliifanyia shindano la Pump it Up. Sehemu yake ya mafunzo ina mistari 59,400. Iringa inaongoza nchi nzima kwa mistari 5,294, na Mbeya ina 4,639. Kwa mwanafunzi ni dhahabu: kila kituo kina majiranukta, chanzo, aina ya pampu, msimamizi, na kama kinafanya kazi.

Ina pia safu iitwayo water_quality, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Safu hiyo ni maneno matupu. Mistari 50,818 imeandikwa "soft" (laini), 4,856 "salty" (chumvi), 804 "milky" (kama maziwa), 490 "coloured" (yenye rangi), na 217 ni za floraidi ukijumlisha zilizotelekezwa. Hakuna pH, hakuna NTU (kizio cha tope), hakuna E. coli. Kituo cha "soft" ni kituo ambacho maji yake hayana chumvi wala rangi ya kumshtua mtu. Kinyesi kidogo ndani ya maji hakina ladha, na floraidi haionekani kwa macho. Kusema "asilimia 86 ya vituo vya Tanzania vina maji safi" kwa kutegemea safu hii ni kosa, hata chati ikipendeza vipi.

Ukiitumia, safisha haya kwanza:

- Sifuri zisizo sifuri. Mwaka wa ujenzi ni 0 kwenye mistari 20,709. Mwinuko wa 0 pia upo, na kituo cha Mbeya chenye mwinuko 0 kingekuwa ufukweni. Zigeuze ziwe "haijulikani" kabla ya kupiga wastani.
- Zaidi ya vituo 1,800 vina longitudo 0, vinaangukia baharini Ghuba ya Guinea.
- Mikoa ni ya zamani. Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa hadi 2012, na Songwe ndani ya Mbeya hadi 2016. Ukilinganisha na sensa ya 2022 bila kurekebisha, Iringa itaonekana na vituo vingi ajabu kwa kila mtu.
- Tarehe nyingi ni za 2011 hadi 2013. Pampu iliyokuwa nzima wakati huo imepita masika zaidi ya kumi.

WPDx (Water Point Data Exchange) ni ndugu yake wa kimataifa, unapakua kwa nchi na ina taarifa mpya zaidi hapa na pale. Kwa ubora wa maji ina udhaifu uleule. Kazi nzuri ya orodha hizi ni kuchagua mahali pa kwenda kuchukua sampuli, na kwa hilo hakuna kinachozishinda.

GEMStat

Hifadhidata ya Umoja wa Mataifa, mpango ulioanza 1978, na kituo chake kiko Koblenz, Ujerumani. Fungua ramani ya vituo kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa sababu Afrika ina vituo vichache na vilivyo mbalimbali. Faida yake kwetu ni mfumo: inaonyesha jinsi ya kupanga kituo, kigezo, kizio na mbinu katika safu. Ukiomba takwimu bodi ya bonde, zipange kwa mtindo huohuo.

Kutoka angani

Kwa Bwawa la Mtera na maziwa ya Rukwa na Nyasa, setilaiti inashinda barua. Sentinel-2 ina picha za mita 10 na inapita kila siku 5. Landsat 8 na 9 kwa pamoja ni mita 30 kila siku 8. Huduma ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya pia ina bidhaa iliyokwisha kuchakatwa ya tope na rutuba ya maziwa, kila siku 10, kwa chembe za mita 300. Inafaa Nyasa. Kwa Ngosi, lenye urefu wa kilomita 2.5 hivi na kingo za msitu, chembe za mita 300 ni chache mno na zinachanganya maji na miti. Kiwira na Mbaka zisahau kabisa.

Fungua Copernicus Browser, jisajili, tafuta Mtera, chagua Sentinel-2 L2A (picha zilizokwisha kuondolewa athari ya hewa), weka mawingu chini ya asilimia 20. Kuanzia Novemba hadi Aprili utapata picha chache, na hiyo ndiyo miezi ambayo tope linaingia. Ni kasoro isiyotibika, kwa hiyo usitoe wastani wa mwaka kutokana na picha za kiangazi. Kupata kipimo rahisi cha tope, chukua bendi ya 4 (nyekundu) ukiondoa ya 3 (kijani), kisha gawa kwa jumla yake. Namba ikipanda, tope limezidi. Hiyo ni kulinganisha tu, haikupi NTU hadi uwe na sampuli za maji za siku ileile. Usahihishaji wa hewa wa L2A ulitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu, kwa hiyo maji meupe au yenye mng'ao wa jua husomwa vibaya.

Ramani za floraidi na aseniki za Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, kwenye jukwaa la GAP, ni kitu kingine: zinatabiri uwezekano wa maji ya ardhini kuvuka kiwango, kwa kutumia miamba, hali ya hewa na udongo. Kwa Rungwe na ukanda wa volkano zinasaidia kujua mahali pa kuwa na wasiwasi. Hazikuambii kisima chako. Visima viwili vilivyoachana mita 200 vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikiwa kwenye ufa wenye maji moto na kingine juu ya udongo wa majivu.

Na hapa kuna mtego wa kisheria. Kiwango cha Tanzania cha floraidi kwa maji ya kunywa, TZS 789, kiliwahi kuruhusu miligramu 4.0 kwa lita. Toleo la 2018 limeshusha hadi 1.5, sawa na WHO. Ripoti ya zamani inayosema kisima "kinakidhi" ilipimwa kwa rula ya zamani. Tafuta namba yenyewe.

Kabla ya kulinganisha chochote

Naitreti huandikwa kwa njia mbili, kama naitreti nzima au kama nitrojeni iliyo ndani yake. Zidisha nitrojeni kwa 4.43. Mtu aliyesoma 10 akaridhika kwa sababu kikomo cha WHO ni 50 huenda alikuwa anaangalia 44.3. Fosfeti ni hivyohivyo: zidisha fosforasi kwa 3.07.

Alama kama "<0.01" maana yake ni chini ya kinachosomeka na kifaa; usiifanye sifuri. Iache kama ilivyo katika safu yake, na toa wastani wa kati (namba ya katikati ukizipanga kwa mfuatano) badala ya wastani wa kawaida. Vifaa vikibadilika, "<0.1" ya 2014 na "<0.01" ya 2021 zitaonekana kama mto umepona.

Majiranukta ya zamani yapo kwa UTM, mfumo wa mita unaogawa dunia katika kanda. Mstari wa longitudo 36 unakata mkoa wa Iringa: Iringa mjini iko ukanda wa 36 kusini, Ruaha Mbuyuni ukanda wa 37. Ukiziweka zote ukanda mmoja, baadhi ya vituo vitahama mamia ya kilomita, na hilo utaliona mara moja. Usiloliona ni tofauti ya Arc 1960 na WGS84, msingi wa ramani za zamani na ule wa GPS, takriban mita 300, inayotosha kukihamisha kituo kutoka juu ya kiwanda kwenda chini yake.

Basi uchague nini

Unaandika kuhusu mto au mashamba ya Usangu: bodi ya bonde, pamoja na mtiririko, setilaiti kwa Mtera tu. Unataka kujua kama mamlaka ya mji wako inaboreka: EWURA, miaka mitano mfululizo, idadi ya sampuli kwanza. Unapanga vijiji vya kupima: orodha ya vituo, juu yake ramani ya floraidi.

Una kisima kimoja na familia inakunywa: hakuna kati ya hivi vitano. Peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara, Mbeya au Iringa, na uulize ada kabla ya safari. Omba E. coli, floraidi, naitreti, upitishaji umeme na pH. Chupa ya E. coli ichukuliwe maabara ikiwa imetakaswa, ikae kwenye boksi lenye barafu, ifike ndani ya saa 6, na isizidi 24 kwa hali yoyote; ukitoka Makete, ondoka alfajiri. Chukua sampuli ya pili wiki ya kwanza ya mvua kubwa, maana majibu ya Agosti ni ya Agosti.